Jicho la Upande wa Mlango

Muhula huo darasa la nne walikuwa wakisoma milango ya fahamu, na kwa kuwa Chiriku hakuwa mtu wa kuacha somo shuleni, nyumba nzima ilisoma naye. Wiki ya ulimi alimfunga mama yake kitambaa usoni, akamlambisha chumvi, sukari na ndimu, akamtaka ataje kila kimoja. Wiki ya pua ikawa zamu ya baba. Alinusishwa sabuni, akasema sabuni. Akanusishwa soksi zake mwenyewe, akasema vitunguu. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni.

Mtoto huyu alikuwa na jina lake la kwenye cheti, lakini aliyelitumia ni mwalimu peke yake, tena wakati wa kuita mahudhurio. Kwingine kote alikuwa Chiriku, kwa sababu akishafumbua macho asubuhi mdomo nao ulifunguka, na haukufungwa ila na usingizi. Baba yake alikuwa dereva wa basi la shule aliyosoma Chiriku, na mama yake alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za shule hiyohiyo katika chumba cha mbele. Shule yenyewe ilikuwa ya watu wenye nafasi zao. Chiriku alisoma pale bila ada, maana mtoto wa dereva husoma bure maadamu baba yake yuko kwenye usukani.

Kisha ikaja wiki ya macho.

Jioni, vyombo vikiwa bado mezani, Chiriku alibandika karatasi ya manila mlangoni kwa pini za mama yake. Alikuwa ameiandika herufi kwa kalamu ya wino mzito, kubwa juu, ndogo zaidi kila mstari ulivyoshuka. Akachora mstari sakafuni kwa chaki ya kukatia nguo.

"Mama kwanza. Ziba jicho moja kwa kiganja, usilibonyeze."

Mama yake alisoma akishuka mpaka mistari ya mwisho ikamshinda.

"Sindano zimekuchosha macho," Chiriku alisema akiandika kwenye daftari lake. "Baba, njoo."

"Dereva mnampima nini?" baba yake alisema akisimama. "Mimi nikikosa herufi hata moja, kesho watoto wa watu wote wanatembea kwa miguu."

Aliziba jicho la kushoto akasoma yote, mpaka jina la kiwanda lililochapwa kwa herufi ndogondogo pembeni mwa karatasi. Chiriku akapiga makofi. Baba akageuka kunywa maji, akarudi kwenye mstari, akaziba jicho la kulia. Akaanza tena tangu juu, bila kusitasita, kama mtu anayesoma shairi alilolizoea.

Chiriku hakuandika kitu.

"Baba, nimeigeuza karatasi," alisema. "Ulipokuwa unakunywa maji. Mwalimu alisema tuandike pande mbili, ili mtu asikariri."

Dereva alibaki na kiganja usoni.

"Taa hii haitoshi," alisema.

"Taa ni ileile, Baba."

Akasogea mbele kidogo. Akasogea tena, mpaka pua yake ikakaribia kugusa mlango.

"Acha masihara, Baba Chiriku," mkewe alisema, kwa sababu bado alidhani ni mzaha wa soksi na vitunguu. Ndipo mumewe alipoteremsha mkono, naye akauona uso wake.

"Naona weupe," alisema dereva. "Najua pana kitu cheupe."

* * *

Mtoto alitumwa uani kuosha vyombo. Mama Chiriku alivuta stuli ya cherehani, akakaa mkabala na mumewe.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Ilianza kama kioo kilichoshika mvuke. Nikasema itapita."

"Na leseni? Si juzijuzi umeihuisha?"

"Yule bwana wa kupima macho hakuinua hata uso. Nilimpa ya chai, akagonga muhuri."

"Hospitali je?"

"Nikienda hospitali nitaambiwa. Nikishaambiwa, nitakuwa najua." Alijaribu kucheka. "Mke wangu, wapo watu wanaendesha malori na chongo zao, wanavuka mipaka, wanarudi. Jicho moja linatosha. Ni kugeuza shingo tu."

Mama Chiriku alimjua mumewe. Alikuwa mtu mpole, asiyelewa, asiyemwinulia mtoto wake mkono, aliyeliosha lile basi kila jioni kama anaogesha mzazi. Wazee wa mtaani wangesema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini kichwani mwake hakukuwa na methali. Kulikuwa na ada ya shule ile, kodi ya nyumba, na oda ya sare ambayo dereva mwenyewe ndiye aliyemtafutia kwa kumsifu mbele ya Mwalimu Mkuu. Vyote vilining'inia kwenye usukani mmoja.

Akamwita mtoto. Chiriku aliingia mikono ikichuruzika maji.

"Umeandika nini cha baba yako?"

"Bado."

"Andika anaona. Macho yote mawili."

Chiriku alimtazama baba yake, ambaye alikuwa akitazama sakafu. "Lakini la kushoto halioni."

"Linaona. Leo limechoka."

"Mwalimu alisema sayansi ni kuandika ulichokiona, si unachotaka kukiona."

"Mwalimu wako ana mshahara wake," mama yake alisema. "Andika, mwanangu."

Chiriku alijifuta mikono kwenye gauni, akainamia daftari. Aliikandamiza penseli hadi ncha ikakatika, akaichonga, akamalizia.

* * *

Kesho yake mama aliuliza kama ambaye hana habari: "Kazi ya sayansi imekwendaje?"

"Tulisoma mbele ya darasa. Mwalimu akasema baba yangu ana macho ya mwewe, ndiyo maana wazazi wanamwamini na watoto wao. Akasema wanipigie makofi."

"Wakakupigia?"

"Wakapiga."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilikaa."

Tangu siku hiyo mtoto alipungua maneno. Alirudi shuleni sauti imekauka, akala, akalala. Mama yake alidhani ni uchovu wa muhula, au labda ndiyo kukua kwenyewe. Cherehani haikumpa nafasi ya kudhani zaidi; masweta ya shule yalitakiwa kabla ya baridi.

Alijua ukweli mchana alioenda kupeleka furushi la sare shuleni, mumewe akamwambia apande basi warudi pamoja. Mama Chiriku alikaa nyuma ya dereva. Chiriku alikuwa kiti cha mbele kabisa, upande wa mlango, mkoba kifuani, mwili umeegemea kioo cha mbele. Watoto wengine waliimba, walinyang'anyana kofia, walitupiana maganda. Chiriku hakuwageukia.

"Pikipiki kushoto, Baba," alisema.

Dereva akapunguza mwendo. Pikipiki ikapita.

"Mkokoteni. Uko karibu. Sasa umepita."

"Huyu binti yako angepewa mshahara," alisema dada wa basi, msichana aliyeshusha na kupandisha watoto, akicheka. "Kutwa ni kushoto, kushoto. Mimi nilidhani ni mchezo wenu."

"Ni mchezo wetu," alisema dereva.

Mama Chiriku akamtazama mwanawe vizuri: zile kucha zilizotafunwa, yale macho yasiyopepesa, sauti ile iliyokauka. Kumbe hiki ndicho kilichokuwa kinaikausha. Mtoto wa darasa la nne alikuwa analibeba basi zima asubuhi na jioni.

Walifika kwenye kituo cha nyumba za ghorofa. Dada wa basi aliwashusha wawili wa darasa la kwanza, akafunga mlango, akaenda nyuma kuamua ugomvi wa kofia. Mmoja wa wale walioshuka, msichana mdogo aliyevaa sketi iliyomfika chini ya magoti, aliangusha chupa yake ya maji. Chupa ikabingirika mbele ya basi, upande wa kushoto. Naye akaifuata, akainama.

Dereva alitazama vioo, akageuza shingo, akaona barabara tupu, akaachia breki.

"Baba!"

Chiriku hakusema kushoto, hakusema mtoto. Alipiga ukelele mmoja tu wa jina hilo, na basi likakita chini, likawatupa watu wote mbele. Nje, yule mdogo aliinuka na chupa yake, akapunga mkono kwa rafiki zake dirishani, akakimbilia kwao.

Mama Chiriku aliijua sketi ile. Yeye ndiye aliyeikunja pindo pana, mama wa mtoto akiwa amesimama pale mlangoni pake, akisema: acha nafasi, fundi, huyu anakua haraka.

* * *

Waliongea kando ya basi, dereva akiyasugua magurudumu, Chiriku ameshatangulia nyumbani.

"Umeona mwenyewe," alisema dereva. "Nimesimama."

"Umesimama kwa sababu umesikia."

"Kusikia nako si mlango wa fahamu? Muulize mwanao."

"Usinifanyie mzaha. Ungemuua mtoto wa mtu. Na kama Chiriku angekuwa na homa leo? Kama angesinzia?"

Dereva aliendelea kusugua mahali palipokwisha takata.

"Waambie wakubadilishie kazi," mkewe alisema. "Getini. Bustanini. Stoo."

"Mtoto wa mlinzi hasomi bure. Unalijua hilo."

"Atasoma kwingine."

"Mimi nitakuwa nani?" aliuliza. Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujibiwa kweli. "Nimetoka utingo, nimeosha magari ya watu, nimefika hapa. Watoto wote wa shule hii wananiita mjomba. Kesho nishike ufagio, nifagie walipopita? Niache nimalize mwaka. Mwaka tu. Nitakwenda taratibu."

"Na kesho asubuhi Chiriku akae tena pale mbele?"

"Anapenda kukaa mbele."

Mama Chiriku alilitazama lile basi lilivyong'aa, akajua kwamba mumewe hatashuka mpaka ashushwe.

* * *

Asubuhi yake mama alijaribu kumzuia Chiriku nyumbani kwa kisingizio cha kikohozi. Mtoto akakataa katakata, akalia, akasema baba hawezi kwenda peke yake. Akamwachia. Kisha akavaa gauni lake la kutokea, akaenda kwa miguu hadi shuleni.

Ofisini aliambiwa asubiri kwenye benchi. Akasubiri. Mzazi aliyeshuka kwenye gari kubwa alikuja baada yake akaingizwa kabla yake, akatoka akicheka. Mpishi wa shule akampita akimsalimia, "Fundi, leo huna furushi?" Alipoingia hatimaye, Mwalimu Mkuu alimwonyesha kiti bila kuacha kuandika.

"Masweta yatakuwa tayari?"

"Yatakuwa tayari, mwalimu. Nimekuja kwa jambo jingine."

Akalisema. Alilisema haraka, kama mtu anayebandua plasta. Mwalimu Mkuu akaweka kalamu chini.

"Mama, umefanya jambo kubwa sana," alisema kwa sauti ya kwenye mikutano ya wazazi. "Jambo la mzazi wa mfano."

"Naomba mumpe kazi nyingine. Yoyote, hata ya mshahara mdogo. Ni mtu mzuri."

"Tutaliangalia."

"Na nakuomba asijue kwamba ni mimi niliyesema. Nyumba yangu itavunjika."

"Hilo niachie mimi," alisema Mwalimu Mkuu, akaokota kalamu yake.

Alipotoka, kengele ya mapumziko ilikuwa imelia na uwanja umejaa watoto. Chiriku alikuwa amesimama karibu na bomba la maji, peke yake. Aliutazama mlango wa ofisi, akamtazama mama yake ndani ya gauni la kutokea. Mama akainua mkono kumpungia. Mtoto akainama kunywa maji.

* * *

Dereva alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Chiriku alirudi baadaye akisindikizwa na dada wa basi, maana baada ya masomo basi halikutoka. Mama Chiriku alikuwa anashona kola. Hakuthubutu kuuliza, wala hakuhitaji.

"Waliniita chumba cha walimu," dereva alianza, akiongea na ukuta. "Walimu wote wamekaa. Ukutani wamebandika karatasi za darasa la nne. Nikaambiwa nizibe jicho la kulia nisome. Nikasema nimesahau miwani. Wakauliza miwani gani, hatujawahi kukuona na miwani. Mmoja akacheka. Yule wa sayansi, yule wa macho ya mwewe, akaninyooshea vidole, akasema, mjomba, hivi ni vingapi? Kama mtoto. Nikabahatisha."

"Wamekupa kazi gani nyingine?" aliuliza mkewe kwa sauti ndogo.

"Kazi gani? Wamenipa bahasha na wakaninyang'anya funguo. Wamesema nishukuru hawajaita polisi kwa ile leseni. Mtoto amalize muhula, muhula ujao tulipe au tumtoe." Ndipo alipogeuka, taratibu, mpaka jicho lake zima likamfikia binti yake aliyesimama mlangoni. "Niliuliza nani kawaambia. Unajua Mwalimu Mkuu alijibu nini? Alisema tuwashukuru watoto wetu wa darasa la nne. Elimu yao ndiyo imeligundua jambo hili."

"Mimi sikusema, Baba," alisema Chiriku.

"Hongera, mwanangu. Umefaulu."

"Sikusema. Niliandika unaona. Daftari lipo."

"Umefaulu sana," baba yake akarudia, akaingia chumbani.

Mama Chiriku alikuwa bado ameishika ile kola. Ilikuwa ni kusema maneno mawili tu: ni mimi. Akajiambia atasema jioni, hasira zikipoa. Jioni akajiambia kesho.

* * *

Kesho zikawa nyingi. Alimpeleka mumewe hospitali ya macho, sasa kwa kuwa hakukuwa na cha kuficha. Daktari alisema ni presha ya macho. La kushoto limekwisha, halitarudi. La kulia nalo limeguswa, ila litaokolewa kwa dawa ya matone kila siku, maisha yake yote. Angekuja mwaka jana, daktari alisema, tungeongea mengine.

Mtaani hawakuchelewa. Wahuni wa kwenye kona walimwita Taa Moja. Watoto waliomwita mjomba walipita na basi jipya na dereva mpya, wakampungia mikono upande asiouona. Alitafuta vibarua, akapata cha kuosha magari katika karakana, kazi aliyoianzia ujana wake. Oda ya masweta ilimalizika, na nyingine haikuja.

Lakini lililomuumiza zaidi Mama Chiriku lilikuwa mezani. Dereva hakumpiga mtoto, hakumtukana. Aliacha tu kumsemesha. Akitaka chumvi iliyo mbele ya Chiriku alisema, "Mama Chiriku, mwambie binti yako anisogezee chumvi." Mtoto akiamka akimwamkia, aliitikia akitazama pembeni. Matone ya dawa hakutaka kusaidiwa. Alijitilia mwenyewe, mengi yakimwagikia shavuni, akatembea na uso uliolowa kama mtu aliyetoka msibani.

Chiriku alisema sikusema mara ya pili, na ya tatu. Kisha akaacha.

Mara kadhaa mama yake alimkuta peke yake, akataka kuanza. "Mwanangu, siku ile uliponiona shuleni..."

"Ulileta masweta," Chiriku alimkata.

"Sikuleta masweta."

"Ulileta masweta, Mama," mtoto alisema, akaenda kuteka maji.

* * *

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufungwa, wote watatu walikuwa chumba cha mbele. Mama alikuwa akigeuza kola ya shati kuukuu la jirani. Dereva aliegemea kiti, kichwa nyuma, akipapasa chupa ya dawa. Tone la kwanza lilianguka kwenye nyusi. La pili kwenye pua. Akaguna, akaifuta, akajaribu tena.

Chiriku aliweka kando alichokuwa akisoma, akaenda akasimama mbele ya baba yake, upande wa jicho zima.

"Baba, ni mimi niliyesema."

Cherehani ikasimama.

"Nilimwambia Mwalimu wa Sayansi," mtoto akaendelea, na sauti yake haikutetemeka. Ilitoka sawasawa, kama mtu anayesoma mbele ya darasa. "Nilimwambia wakati wa mapumziko. Niliogopa kwa sababu ya yule mtoto wa chupa. Halafu nikakudanganya kwamba sikusema. Nisamehe."

Dereva aliiteremsha chupa.

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?" aliuliza. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia uso kwa uso tangu mchana ule. "Mimi kusema kwako hakukuniuma. Kilichoniuma ni kunikana mbele ya macho yangu. Mtoto wangu, nisiyekulea kwa uongo."

"Nisamehe, Baba."

"Njoo hapa." Akamvuta, akamwekea mkono kichwani, na mabega yake mwenyewe yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Yamekwisha. Ulifanya la haki. Usirudie tu kunificha kitu."

"Baba Chiriku," mkewe alisema. Alikuwa amesimama bila kujua, shati la jirani limeanguka miguuni. "Baba Chiriku, nisikilize. Mtoto huyu..."

Chiriku aliinua macho juu ya bega la baba yake, akamtazama mama yake. Akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana, hapana, vile mtu mzima anavyomkataza mtoto mbele ya wageni.

"Anafanya nini mtoto huyu?" aliuliza dereva.

Mama Chiriku alifungua mdomo. Aliiona nyumba yake: mume anayetabasamu kwa mara ya kwanza, binti aliyerudishiwa baba yake kwa bei aliyoilipa mwenyewe. Alitafuta neno la kusema. Lililokuja halikuwa lile.

"Amekua," alisema.

"Amekua kweli," alisema dereva, akampa binti yake chupa. "Haya, nitilie wewe. Mimi nimeshindwa."

Chiriku alimwegemeza baba yake kichwa, akamshika kope kwa kidole gumba, akainamisha chupa. Tone likaanguka pale lilipotakiwa.

"Usipepese," alisema.

"Sipepesi. Mkono wako mwepesi. Tangu leo nisaidie wewe, mama yako ana mambo yake."

Mama Chiriku aliokota shati, akajaribu kuupitisha uzi kwenye sindano mara kadhaa bila kuliona tundu lake, kisha akakanyaga cherehani, akashona kola kwa nguvu, ili isisikike sauti nyingine yoyote chumbani humo.